Jiko la Baa: Kutoka Vilabu vya Ilala hadi Segerea

Ukimwambia mtu wa Mwanza kwamba unakaa Segerea, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni gereza. Akiwa Mkatoliki atakumbuka na Seminari Kuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga. Baa hatazitaja, ingawa ukishuka kwenye daladala Ijumaa jioni ndizo zinazokupokea: moshi wa mkaa, mlio wa shoka kwenye gogo la bucha, wahudumu wakipanga viti vya plastiki hadi ukingoni mwa barabara. Gereza lina madaftari yake na seminari ina kumbukumbu zake. Baa haina mwandishi. Mimi nimeshika kaunta tangu mwaka 1984, kwanza mjini na sasa kwenye baa yangu mwenyewe huku Segerea, na ninachotaka kuandika ni hiki: kilichoiweka hai baa ya Dar es Salaam, kupita sheria zote na uhaba wote, ni jiko. Na jiko hilo toka mwanzo lilikuwa mikononi mwa wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Mama yangu alikuwa Mzaramo wa upande wa Kisarawe, na kwao unywaji ulianzia juu ya mnazi. Mgema hulifunga karara changa kabla halijapasuka, hukata ncha yake, hutundika kibuyu, kisha hupanda asubuhi na jioni kukata kipande kingine chembamba ili utomvu usizibe. Tembo la asubuhi ni tamu, na wapika vitumbua huliumulia unga. Likifika jioni limekuwa kali, na baada ya hapo linaelekea kuwa siki. Kinywaji cha namna hiyo hakingoji safari ndefu. Mnywaji ndiye aliyekifuata, akakaa kivulini karibu na mnazi, na hapo hapo mwanamke alikuwa ameshawasha moto kwenye mafiga, anachoma samaki na muhogo. Ukiniuliza baa ya kwanza ya mji huu ilikuwa wapi, nitakuonyesha hapo, kabla meli ya Mjerumani haijashusha chupa yoyote bandarini.

Wajerumani walipokuja walileta kiu yao. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Dar es Salaam ilikuwa na kiwanda cha bia cha Mjerumani aitwaye Schultz, na mwaka 1906 ikafunguliwa hoteli ya Kaiserhof, ambayo baadaye ikaja kuitwa New Africa. Mwafrika aliingia mle akiwa amebeba trei, au kwa mlango wa jikoni. Mataifa ya Ulaya yalikuwa yameshakubaliana Brussels mwaka 1890, na yakarudia Saint-Germain huko Ufaransa mwaka 1919, kuzuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya bara letu. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika walipewa na sharti hilo. Mzungu aliagiza whisky barazani bila wasiwasi. Mwafrika aliyekutwa na chupa ile ile alikuwa na kesi ya kujibu. Nawaambia vijana wanaonifanyia kazi jambo hili kila mara, kwa sababu wanadhani kaunta imekuwa wazi kwa kila mtu siku zote.

Kilichobaki halali kwa Mwafrika wa mjini kilikuwa pombe ya kienyeji, na hata hiyo kwa leseni, mahali palipopangwa, saa zilizopangwa. Huko Durban, Afrika Kusini, halmashauri ya mji ilijitwalia mwaka 1909 haki ya kuwauzia Waafrika pombe, faida ikaingia mfuko wake. Nairobi ikafuata mfano huo miaka ya 1920 kwa kantini ya Pumwani. Dar es Salaam ilikwenda njia nyingine: wapishi walibaki wanawake wenyewe. Walilipia leseni, walilipia nafasi kilabuni, wakapika na kuuza kwa hesabu yao. Kwangu mimi tofauti hiyo ni kubwa mno. Mwanamke aliyekuja mjini bila mume, bila cheti, bila kazi ya serikali, aliweza kukaa Ilala au Kariakoo kwa jasho lake, na wengine wakafikia kuwa na nyumba na wapangaji.

Bibi mmoja wa ukoo wetu alikuwa na nafasi kilabuni Ilala miaka ya 1950. Alinieleza kazi ile mara nyingi, akiwa ameshazeeka lakini mikono yake bado inaonyesha kila hatua. Mahindi yanalowekwa hadi yachipue, yanaanikwa, yanasagwa kuwa kimea. Uji unapikwa kwenye pipa, unapoa, kimea kinaingia, kisha unalifunika na kungoja povu lipande. Ukiwahi, pombe ni uji. Ukichelewa, imechacha na wateja wamehamia kwa jirani. Kilabu kilikuwa banda la wazi lenye mabenchi, na watu walikunywa kwa makopo. Wanawake wa pombe walikaa ndani. Nje, kuzunguka banda, walikaa wanawake wa vyakula, na utumbo, samaki wa kukaanga, mihogo na mishikaki yao. Bibi alikuwa na mdogo wake huko nje. Alisema pombe iliwapa pesa ya leseni na kuni, ila pesa ya bati ilitoka kwenye karai la mdogo wake. Siku pombe ilipoharibika pipa zima, karai halikuharibika.

Chupa ilimfikia Mwafrika polepole. Tanganyika Breweries ilianzishwa Dar es Salaam miaka ya 1930, lakini ni baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo bia ya chupa ikaanza kuwa kinywaji cha karani, dereva na mtu wa bandarini siku ya mshahara. Zuio la pombe kali liliondoka miaka ya 1950. Ukawa sasa unaona nyumba mbili tofauti. Kuna kilabu, chenye pipa, kopo na benchi. Kuna baa, yenye kaunta, meza na gramafoni. Aliyehamia baa alijiona amepanda ngazi, na sikumbuki kumsikia mtu akijisifu kwamba anakunywa kilabuni. Lakini chakula kilivuka chote, bila kuvuliwa viatu. Mishikaki ile ile, utumbo ule ule, na mara nyingi mwanamke yule yule, sasa anauza uani kwa mwenye baa na kumlipa kodi ya nafasi. Kama kuna kitu kilichounganisha kilabu cha Ilala na baa ya leo, ni ua huo wa nyuma.

Baada ya uhuru serikali iliishika pombe kwa mikono miwili. Mwaka 1966 ikatungwa sheria ya kudhibiti utengenezaji wa moshi, hii tunayoiita gongo. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, viwanda vya bia viliwekwa chini ya umiliki mkubwa wa umma. Mwaka 1968 ikaja Sheria ya Vileo, ambayo ndiyo inayotuamuru mpaka leo kufunga saa 5 usiku siku za kazi na saa 6 usiku mwisho wa wiki. Mjini, baraza la New Africa sasa lilikuwa na Waafrika waliokaa kwenye viti: wapigania uhuru kutoka Msumbiji, Angola na Afrika Kusini, waandishi wa habari, maofisa wa balozi, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Yameandikwa mengi juu ya baraza lile, na yanastahili. Ila umati wa Dar es Salaam haukuwa pale. Ulikuwa Kariakoo, Magomeni, Temeke na Kinondoni, kwenye baa zenye bendi.

Mwaka 1978 ilianzishwa bendi ya Mlimani Park, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, ikawa DDC Mlimani Park, Sikinde. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa imeshageuka JUWATA, na watu waligawanyika kwa bendi hizi mbili walivyogawanyika kwa Simba na Yanga. Baa iliyopata bendi ilipata mji mzima. Sitaendelea sana na muziki, maana wapo wanaoujua kuliko mimi. Nitasema tu kwamba mpiga tumba na mcheza dansi wote huona njaa kufikia saa 4 usiku, na hapo foleni ilihama kutoka mlangoni kwenda jikoni.

Nilipoanza kazi Kariakoo mwaka 1984, nchi ilikuwa imetoka vita vya Kagera na imeishiwa kila kitu. Mwaka mmoja kabla, Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa ameanzisha msako wa wahujumu uchumi. Mtu aliogopa kuonekana na katoni ya sabuni. Bia nayo ilikuja kwa kibali. Kreti zilifika mara moja kwa wiki, na wiki nyingine hazikufika kabisa. Ili ushushiwe kreti moja iliyojaa, kreti moja ya chupa tupu ilipaswa kupanda gari, tena zisizo na ufa mdomoni. Chupa tupu ikawa mali. Mteja aliyetaka bia mbili za kwenda nazo nyumbani ilibidi aje na chupa mbili ndani ya kikapu. Mhudumu aliyepoteza chupa alikatwa mshahara.

Ukiielewa chupa ile utaielewa baa ya leo. Mgeni anashangaa kuona meza ya Watanzania imejaa chupa tupu, au zimepangwa chini ya kiti, na mhudumu haziondoi. Zile ni bili. Unaita, dada anainama, anahesabu kwa kidole mbele yako, mnakubaliana. Sisi tuliziacha pale kwa sababu mbili: mteja asibishe hesabu, na chupa isiondoke machoni petu. Nondo zilizofungwa mbele ya kaunta, ambazo bado ziko kwenye baa nyingi, ziliwekwa kulinda kreti. Na lile swali letu, "baridi au moto?", nalo naamini limekomazwa na miaka ile. Gari lilifika saa 11 jioni na watu wameshakaa wanangoja. Friji ni moja, umeme wa wasiwasi. Nani angesubiri chupa ipoe wakati jirani yake anamaliza zamu ya pili? Zikanywewa vile vile, za moto, na wapo wazee wangu hapa Segerea ambao mpaka leo ukiwapa ya baridi wanairudisha.

Meneja wetu alitoa bia mbili kwa kila mtu. Zikiisha, zimeisha. Ndipo nilipoona jiko linafanya nini. Siku ambazo gari halikuja, baa haikufungwa. Mpishi wetu, mama wa Kindengereko kutoka Rufiji, alifika alfajiri na mifupa aliyoipata kwa mtu wake wa machinjioni. Aliichemsha na chumvi, tangawizi na pilipili mbuzi mpaka saa 5 asubuhi, uboho ukayeyuka wote ukaingia mchuzini. Unga ulikuwa ule wa mahindi ya njano ya msaada, unga wa Yanga tuliuita, kwa rangi ya jezi. Ugali wake ulivunjika vunjika, na watu waliunung'unikia, lakini yeye aliujua: maji yachemke sana, unga kidogo kidogo, mwiko usipumzike. Wanaume walikuja wakijua hakuna bia. Waliagiza supu, wakakaa mpaka taarifa ya habari ya saa 2 usiku ya Redio Tanzania, wakazungumza, wakaenda nyumbani. Nilikuwa naandika mauzo kwenye daftari, kwa hiyo nasema nililoliona kwa macho: kuna miezi mishahara yetu yote, pamoja na ya meneja, ilitoka kwenye sufuria la mama yule. Alipoacha kazi hakupewa hata barua.

Sisi wahudumu tulikuwa na mzigo mwingine. Baamedi alionekana mwanamke wa kila mtu. Baba mwenye nyumba alikataa kutupangisha chumba, au alitupangisha kwa bei ya juu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ugonjwa ulipofika mjini lawama ilitua mezani kwetu kabla hata kipimo hakijafika. Tulizika wenzetu. Wengine walirudishwa kwao Singida, Tanga, Bukoba, wakiwa wameshakonda, na kwenye baa nafasi zao zilijazwa wiki hiyo hiyo. Wateja waliowaambukiza wengi wao walikuwa na majina makubwa ya kulindwa. Wenzetu walikuwa na jina la utani tu, na mengi ya majina hayo ya utani bado nayakumbuka. Nikisikia mtu anasema historia ya baa ni historia ya ulevi, nawafikiria hao, ambao wengi wao hawakuwahi kuonja bia.

Mambo yalibadilika Mzee Mwinyi alipokuwa Rais. Soko likafunguliwa, maduka yakajaa, na mwaka 1993 nusu ya kampuni ya bia, TBL, ikauzwa kwa wawekezaji wa kampuni ya Afrika Kusini, South African Breweries. Kiwanda cha Mtaa wa Uhuru, pale Mchikichini, kikakarabatiwa. Kufikia 1996, ilipotoka bia ya Kilimanjaro, kibali kilikuwa hadithi. Sasa magari ya bia ndiyo yaliyotutafuta sisi. Televisheni nayo ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Bendi ilikuwa na watu kumi na wawili wa kulishwa, kulipwa na kusafirishwa. Televisheni ilihitaji meza moja na waya. Wenye baa walipiga hesabu hiyo haraka, na kumbi nyingi zilinyamaza. Niliumia na bado naumia.

Mji wenyewe ulikuwa unahama. Daladala ziliruhusiwa mwaka 1983, na barabara yoyote ambayo daladala iliweza kupita ikaanza kuota nyumba. Upande wetu watu waliijua Tabata kwa dampo la jiji, ambako takataka zilichomwa hadi wakazi walipokwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kuishtaki halmashauri, wakashinda. Kituo cha Dampo bado kina jina hilo. Mbele yake, Kimanga, Segerea, Kinyerezi, kulikuwa mashamba: mikorosho, minazi, mihogo, na bonde la Msimbazi upande wa chini. Wenyeji walikata vipande wakauza kwa walimu, makarani wa bima na reli, wauguzi, wafanyabiashara wa Kariakoo. Nilinunua kipande changu chenye mikorosho miwili, na kwa muda mrefu maji tuliyanunua kwa ndoo.

Baa za huku hazikuanza kama baa. Zilianza kama grosari: chumba kimoja, dirisha lenye nondo, leseni ya kuuza chupa ya kwenda nayo. Mtu aliyekuwa anajenga alinunua bia yake, akakaa juu ya tofali zake mwenyewe kutazama mafundi. Benchi likaongezeka. Turubai likaongezeka. Halafu akaja mwanamke na jiko la chipsi, na hapo ndipo mahali pakawa baa. Nimeshuhudia hilo mara nyingi barabara nzima ya Tabata hadi Kinyerezi, na sijaona mfuatano tofauti. Chipsi mayai inachukua dakika chache, inahitaji karai, kikaangio na mama asiyechoka. Mjenzi anaila, anaagiza ya pili, anaagiza na bia. Grosari ambazo hazikupata jiko zilibaki maduka au zilikufa.

Waliojaa huku, pamoja na wengine wa kila mkoa, walikuwa watu wa Kilimanjaro, nao walikuja na jiko lao. Mtori ukawa kifungua kinywa cha Segerea: ndizi mbichi zilizochemshwa na nyama na mifupa mpaka zikapondeka, mchuzi mzito, unanywewa Jumamosi asubuhi kabla hujakwenda kuangalia ujenzi. Mbege nayo ikashuka kutoka mlimani. Ndizi mbivu zinachemshwa sana, zinaachwa siku kadhaa, zinachujwa, kisha unachanganywa uji wa ulezi uliooteshwa, na gome la msesewe linatia uchungu. Inauzwa Jumapili mchana kwa watu wanaoijua. Mama anayenipikia ni wa Rombo, na ananitazama vibaya nikikubali ndizi za aina nyingine. Hapo ndipo unaona mviringo wa ajabu: watoto wa watu waliokikimbia kilabu sasa wanaliagiza pipa lirudi, kwenye kata, ndani ya baa yenye televisheni ya inchi 65.

Nguruwe ana historia yake na lazima niiseme kwa uangalifu. Mwezi Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivamiwa na kuvunjwa Dar es Salaam, na kwa siku kadhaa mji ulikuwa na hofu. Kilichofuata, kwa jinsi nilivyokiona kwenye biashara, ni adabu ya jikoni ambayo hakuna sheria iliyoiandika yote. Kitimoto ina banda lake, mpishi wake, visu vyake, ubao wake, hata jagi lake la kunawia. Sahani zake hazichanganyiki na nyingine. Kwangu banda hilo liko upande wa pili wa ua, upepo unakotoka kuelekea bonde. Ninao wateja Waislamu wanaokuja na familia kula mbuzi na kunywa soda, na wanakaa kwa amani kwa sababu wanamjua anayewapikia na wamemwona anapochukua maji. Amani ya mtaa huu imeshikiliwa na wapishi kuliko watu wanavyofikiri.

Na namna ya kula nyama yenyewe, niieleze kwa ambaye hajafika. Hukai ukangoja orodha. Unanyanyuka, unakwenda bucha, ambako mbuzi ananing'inia. Unaonyesha: mbavu hizi, na kipande cha paja, kilo moja na nusu. Muuza nyama anapima mbele yako, anakata, mchomaji anapokea, anapaka chumvi na ndimu. Moto wake haupaswi kuwa na ulimi. Anasambaza mkaa, anausubiri uvae majivu. Hapo kuna dakika 40 au zaidi, na hizo ndizo dakika za mazungumzo, za kuulizana watoto na msiba wa nani uko wapi. Dada anakuja na jagi, sabuni na beseni, mnanawa mmoja mmoja kuanzia mkubwa. Nyama inafika kwenye sinia, inakatwa hapo hapo, na ndizi za kuchoma, kachumbari, pilipili pembeni, chumvi kwenye rundo dogo. Sinia ni moja. Anayekula peke yake anapewa sahani, na mara nyingi jirani wa meza ya pili anamkaribisha.

Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, zile pombe kali za kwenye vipakiti vya plastiki, kuanzia Machi 1. Wafanyabiashara wenzangu wengi walilalamika kwa mzigo uliobaki stoo. Mimi nilishukuru, na nilisema hivyo hadharani kwenye kikao cha mtaa. Kiroba kilikuwa kinywaji kisicho na meza. Kijana alikipasua kwa meno asubuhi kituoni, juu ya bodaboda, bila kula kitu, na jioni ndugu zake walikuwa Muhimbili. Kwenye ua wangu niliwahi kukataa kuviuza kabla ya marufuku, na waliniita mama wa kanisa. Mtu akinywa kwangu nataka nimwone amekula.

Sasa hivi tatizo kubwa ni kelele. Segerea ya mashamba imekwisha. Ukuta wangu umepakana na ghorofa lenye familia nane, na tangu 2021 tuko ndani ya Jiji la Dar es Salaam lenyewe. Spika kubwa zilichukua nafasi ya bendi, na zimegombanisha baa na mitaa yao, na baraza la mazingira, NEMC, limekuwa likizifungia zinazokaidi. Majirani walipokuja kwangu niliteremsha spika za nje. Bia ilipungua kidogo, jiko likapanda, na Jumapili baada ya misa meza za mbele zote ni familia, watoto na soda zao, mabibi na mtori. Mpishi mkuu alianzia kuosha sahani. Leo ana mkataba, na anapata sehemu yake ya mauzo ya jiko kila mwisho wa mwezi, imeandikwa kwa jina lake kamili. Desemba ni shida, kwa sababu wateja na wapishi wote wanapanda mabasi ya Moshi siku zile zile. Tunasimamisha mtori na mbege, tunabaki na samaki, kongoro na chipsi, na mtori unarudi wiki ya kwanza ya Januari, mabasi yakisharudi.